Tairi la Nyuma Kushoto

Dalali alimwambia kwa simu kwamba lori ni safi, injini inaimba, na mwenyewe anauza kwa sababu za kifamilia. Inspekta aliandika yote matatu kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza mbele ya lile la mwisho, kisha akaendelea kusikiliza, kwa sababu dalali husema la maana wakati anaaga. Na kweli, akiwa karibu kukata simu, jamaa akataja kwa mbali, kama mtu anayekumbusha kwamba mchumba ana pengo la jino, kuwa mwenye lori hataki litoke nje ya geti. Mnunuzi aliwashe, alisikilize, alale chini yake akipenda, lakini barabarani haliendi.

Inspekta alifunga daftari, akavua koti la kazini, akaenda kumchukua fundi.

Hili lilikuwa lori la kumi na mbili. Kwa miezi minane walikuwa wakizunguka wawili hao, mwanamke wa miaka thelathini na kitu na mzee mwenye sanduku la spana, wakikagua malori ya dizeli ambayo watu walikuwa wakiuza wenyewe bila kupitia yadi, na hawakuwahi kununua hata boliti. Madalali walishawapachika jina. Waliwaita Wateja wa Macho, na mmoja wao aliwahi kumuuliza Inspekta, kwa heshima zote, kama baba yake hakuwa na ugonjwa wa kupenda mafuta machafu. Alicheka hapo, akacheka tena ndani ya gari, kisha akamtazama mzee pembeni yake na kicheko kikaisha.

Maana mzee huyo hakuwa baba yake. Alikuwa baba wa marehemu.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba hadi kutia aibu. Saa kumi na moja jioni, siku ya mvua, kwenye mteremko wa shule ambao hadi leo haujapata lami, lori lilimgonga fundi cherehani wa miaka ishirini na tisa akivuka na mwavuli wake, likaenda zake. Hakuna aliyeona namba. Vilivyobaki ni vipande vya kioo cha taa ya kulia, chembe ya rangi ya bluu iliyong'ang'ania kwenye ubavu wa mwavuli, na mchoro wa askari wa usalama barabarani ulioonyesha alama za kuburuza kwenye tope: mbili za matairi ya mbele, moja ya tairi la nyuma kulia. Ya nyuma kushoto haikuwepo. Askari aliandika pembeni kwamba imefutwa na mvua, na tangu hapo kila aliyelisoma jalada aliirithi mvua hiyo bila kuuliza.

Mwavuli ulikuwa kabatini kwa Inspekta, na kikaratasi cha namba kikining'inia. Kitu kimoja alikuwa amekitazama mara nyingi kuliko vingine vyote. Ubavu mmoja uliwahi kuvunjika, na mtu aliuunga kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu iliyobanana, ncha ikachomekwa ndani isionekane. Siku ya kuutambua mwavuli, mzee aligusa hapo kwa kidole. Akaeleza kwamba zamani alikuwa akiziacha ncha za waya nje, kama mafundi wote, na mwanawe akawa analalamika kwamba zinamnasia vitambaa. Nyumba yao ilikuwa na mafundi wawili, mmoja wa dizeli na mmoja wa cherehani, na wa cherehani ndiye aliyekuwa mkali. Binti alimkalisha mezani jioni moja akamfundisha kuficha ncha ya waya jinsi yeye anavyoficha ncha ya uzi. Tangu hapo mzee hakufunga waya kwa namna nyingine, hata kwenye magari ya watu.

"Alikuwa ananiambia, baba, wewe unashona kwa koleo," alisema siku ile, akasaini fomu.

Ndani ya gari Inspekta alimwita Mzee, na mzee alimwita Inspekta. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Wakishafika kwenye uwanja wa muuzaji, hapo ndipo alipokuwa Baba, naye akawa binti anayetaka kuanza biashara ya kubeba mchanga na matofali. Hila hiyo aliibuni Inspekta mwenyewe, kwa sababu hakuna muuzaji anayemshuku binti aliyekuja na baba yake fundi. Kwenye lori la kwanza mzee alishindwa kulimaliza neno; alisema "huyu ni bi" kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Sasa neno lilimtoka bila taabu, na Inspekta hakujua kama hiyo ilikuwa afadhali.

Geti lilikuwa la mabati, nyumba ndefu ya matofali yasiyopigwa lipu, uwanja wa mchanga uliofagiliwa vizuri. Lori lilisimama katikati, jeupe, la tani nne, likiwa na bodi ya mbao nyuma. Mwanamke wa makamo alitoka na ufunguo uliofungwa kwenye kamba ya kiatu. Mlangoni alikuwa ameketi mwanamume mwenye ndevu zilizoachwa ziote zenyewe, amekonda, shati limemzidi. Inspekta alimwona akimtazama fundi kuanzia sanduku la spana mpaka usoni. Kisha akanyanyuka, akabeba kiti chake, akaingia ndani.

"Mume wangu," mwanamke alisema. "Mgongo unamsumbua. Karibuni."

"Huyu ni binti yangu," fundi alisema, na mambo yakaanza.

Alianza kwa mawe, kama siku zote. Hakuna aliyewahi kumwona mzee huyo akiingia chini ya gari bila kukinga matairi kwanza, hata gari liwe limekwama kwenye tope hadi kiunoni. Aliokota manne kwenye ukingo wa bustani, akaomba radhi kwa maua, akayachomeka mbele na nyuma ya matairi. Baada ya hapo Inspekta alimsubiri aende nyuma kushoto. Ndivyo alivyofanya kwa malori kumi na moja: mawe, kisha moja kwa moja tairi la nyuma kushoto, analala, anachungulia, anatoka, anapangusa viganja, anasema "siyo hili," halafu ndipo anafungua injini kwa ajili ya kutimiza maigizo. Inspekta alidhani ni mazoea ya ufundi. Kila mtu ana pa kuanzia.

Leo mzee alikwenda mbele. Aliilaza kabini mbele injini ionekane, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo.

"Baridi," alisema. "Vizuri. Gari ukilikuta limepashwa moto kabla hujafika, ujue kuna kitu limefichiwa."

Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena na kukinusa. Akafungua mfuniko wa rejeta kutafuta utando wa mafuta juu ya maji, hakuuona. Inspekta alikuwa amejifunza mengi kwa miezi minane na angeweza kuajiriwa gereji yoyote, lakini leo alikuwa akimkagua mkaguzi. Mzee alikuwa akichelewa. Alihesabu boliti ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Alikagua mkanda wa feni mara mbili.

Inspekta akamgeukia mwanamke, akaanza kumuuliza kwa sauti ya mnunuzi anayetafuta pa kupunguziwa. Lori lilikuwa la mume wake, alilinunua kwa jasho lake, alibebea watu simenti na mbao. Sasa halijatembea muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu zile mvua kubwa."

"Mgongo ulianza wakati huo?"

Mwanamke alizungusha kamba ya ufunguo kidoleni. "Wakati huohuo," alisema.

Inspekta akauliza mbona taa moja ni mpya na ya kushoto imepauka. Akajibiwa kwamba ilipasuliwa na jiwe. Na rangi? Walipaka ili livutie mnunuzi. Majibu yalikuja haraka, yamepangwa vizuri, na mwanamke hakumtazama machoni hata kwa moja. Alipoingia ndani kuleta maji, Inspekta aliinama mbele ya bampa. Lilikuwa limenyooshwa kwa nyundo. Ukipitisha kidole unahisi mawimbi. Nyuma ya bano la bampa, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi mvivu haifiki, alikwangua kwa ukucha. Chini ya nyeupe palikuwa na bluu. Alibandua chembe kwa utepe, akaitia kwenye bahasha, akaiweka mfuko wa ndani.

Waliliwasha. Lilikataa mara moja, likakubali mara ya pili, likatoa moshi mweupe uliokwisha taratibu. Mzee alifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma, akaugeuza na kuuweka juu ya tundu lake kichwa chini, akautazama kama utarukaruka. Ulitulia.

"Injini nzima," alisema. "Nozeli mbili zimechoka, basi."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayesifu. Inspekta alimwambia mwanamke kwamba hata kama barabarani hawaendi, angalau walisogeze hapo uwanjani, hatua tano tu, ajue gia zinaingia. Mwanamke alitazama mlango wa nyumba. Hakuna aliyetoka. Akakubali kwa kichwa.

Mzee aliondoa mawe. Inspekta alipanda, akaingiza gia, akaliacha lipate mwendo kidogo, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori lilivuta upande wa kulia, likasimama na vumbi. Aliteremka akatazama mchanga nyuma yake.

Matairi ya mbele yalikuwa yameburuza, yote mawili. La nyuma kulia liliburuza pia, likachimba mchanga. La nyuma kushoto lilijizungukia tu, kashata zake, yale meno ya mpira, zimepiga chapa moja moja, safi, kama lilikuwa linapita zake na breki hazilihusu.

Alikuwa ameuona mchanga huo kabla. Aliuona kwenye karatasi, umechorwa kwa penseli, ukiwa ni tope. Mvua haikufuta kitu siku ile. Alama ya nne haikuwahi kuwepo, na maana yake ni kwamba dereva alikanyaga breki mpaka mwisho, na tairi moja halikushika. Kwa miezi minane Inspekta alikuwa amemchukia mtu ambaye hakusimama, kumbe mtu huyo alijaribu, na lori ndilo lililokataa.

Aligeuka kumwambia mzee. Mzee alikuwa akitazama alama zilezile.

Aliyarudisha mawe, moja moja, akatandika gunia, akaingia chini kutokea nyuma kushoto. Inspekta aliziona soli za viatu vyake tu. Mwanamke alikuja na bilauri mbili za maji, akasimama nazo. Ndani ya nyumba kiti kilisogezwa. Muda ulipita wa kutosha mtu kufungua tairi na kulifunga, na hakukusikika spana wala nyundo.

Alipotoka, kofia yake ilikuwa imebaki kule chini, na hakuikumbuka.

"Siyo hili," alisema. "Twende."

Kwa malori kumi na moja alikuwa amelisikia neno hilo, na kila mara lilikuja na pumzi, kama ya mtu aliyetua mzigo kituoni. Inspekta alikuwa akidhani ni uchovu. Safari hii halikuwa na pumzi. Mzee alikuwa ameliambia sanduku la spana.

"Rangi ni yenyewe," Inspekta alisema chini kwa chini. "Taa ni yenyewe. Breki umeiona mwenyewe."

"Nimekwambia siyo hili. Mimi ndiye fundi."

"Kofia yako imebaki," Inspekta akasema, akachukua tochi, akalala juu ya gunia.

Chini kulikuwa na harufu ya grisi kavu. Aliifuata paipu ya breki juu ya ekseli, kutoka katikati kwenda kushoto, kama mzee mwenyewe alivyomfundisha kwenye lori la tatu. Haikufika kwenye tairi. Ilikuwa imekatwa, ikakunjwa mara mbili, ikapondwa ikawa bapa ili mafuta yasivuje. Kazi hiyo hufanywa na mafundi kila siku, mahali popote penye gari bovu na dereva mwenye haraka: silinda ya tairi inavuja, spea haipo, basi unaliziba tairi moja, gari linakwenda na breki za matatu, likarekebishwe kesho. Ncha iliyokunjwa ilifungiwa kwenye ekseli isigongegonge. Ilifungwa kwa waya wa shaba.

Mizunguko mitatu. Akatafuta ncha ya waya. Alipapasa kwa kidole kuizunguka yote, taratibu, akitumaini kuchomwa. Hakuchomwa popote. Ncha ilikuwa imefichwa ndani.

Alilala pale kidogo, tochi imewaka. Akaelewa kwa nini mzee alikuwa akianzia nyuma kushoto kila mara. Akaielewa na ile pumzi. Kwa miezi minane Inspekta alikuwa akitafuta lori lililomuua binti wa watu, na mwenziwe alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa: aliyakagua malori yote ili asilikute hilo alilolifunga kwa mkono wake.

Alitoka na kofia. Mzee alikuwa bado amesimama palepale.

"Ulijua?" Inspekta aliuliza.

"Sikujua. Ningejua ningekuja kwako siku ileile." Aliipokea kofia, hakuivaa. "Mchana wa siku ile niliziba tairi la lori la bluu. Mambo ya kawaida. Nilimwambia dereva aje kesho asubuhi nimwekee silinda mpya. Hakuja."

"Na hukuniambia."

"Kesho yake gereji ilifungwa, mama. Nilikuwa namzika mwanangu. Nikawa najiambia, yule dereva alikuja, akakuta kufuli, akaenda kwa fundi mwingine. Kila tulipomaliza lori moja nilijiambia hivyo. Malori ya bluu ni mengi."

Mwanamke alikuwa bado na bilauri zake. Alitazama huyu, akatazama yule, na uso wake ulianza kuelewa kitu. Inspekta alitoa kitambulisho, akamwonyesha, akamwomba amwite mume wake. Hakuhitaji kuitwa. Mume alikuwa amekwisha kusimama kizingitini, na mgongo wake ulikuwa umenyooka vizuri.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Sikujua mtakuja na yeye."

"Unamfahamu?"

"Ndiye aliyeniambia nirudi kesho."

Alieleza bila kubembelezwa, na mkewe aliweka bilauri chini ili ashike nguzo. Alikuwa amepakia mifuko ya simenti, jengo linasubiri, breki inavuja. Fundi alimzibia akamwonya, na maonyo aliyakumbuka yote kwa mpangilio: aende polepole, asipite mteremko wa shule, azungukie chini kwenye daraja. Alizungukia chini. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Akarudi juu akajiambia atashuka kwa gia ya kwanza. Katikati lori likamshinda, akakanyaga, likavuta kulia, na kulia ndiko kulikuwa na mwavuli.

"Ulimwona?"

"Niliuona mwavuli. Sikushuka. Hilo ndilo kosa langu, nililifanya kwa miguu yangu miwili hii. Tangu siku hiyo sijashika usukani. Mke wangu alisema tuliuze, labda nitalala usingizi." Akamgeukia mzee, akakunja mikono mbele kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. "Fundi, wewe huna kosa. Uliniambia nisipite pale. Mimi nitasema hivyo popote. Huyo dada hakuwa ndugu yako wala nini, usiingie kwenye shida za watu."

Dereva alimtazama Inspekta, akamtazama tena mzee, na lile neno alilolisikia kutokea dirishani walipofika, huyu ni binti yangu, likaanza kumpa shida. Inspekta aliona ni lazima alisikie kutoka kwa mtu, na kazi hiyo ilikuwa yake. Aliwahi kuifanya mara moja, kwenye gereji, jioni, mzee akiwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Mimi ni askari," alisema. "Binti yake ni yule mwenye mwavuli."

Dereva aliteleza na mlango mpaka akakaa kizingitini. Mkewe alianza kulia kwa sauti ndogo, akijifuta kwa mgongo wa mkono. Mzee peke yake ndiye ambaye hakubadilika. Msiba huo yeye alikuwa amewatangulia kwa miezi minane.

Sheria ina utaratibu wake, na Inspekta aliushika kwa sababu kingine cha kushika hakikuwepo. Alipiga simu kituoni aletewe gari la kuvuta na mpiga picha. Alichomoa waya wa betri, akatia ufunguo mfukoni. Aliyachukua maelezo ya dereva, akayasoma kwa sauti, dereva akasaini. Kisha akafungua karatasi mpya, akaiweka juu ya sanduku la spana, akamwambia mzee kwamba itabidi amwandike naye.

"Andika."

"Unaweza kunyamaza. Unaweza kutafuta wakili kwanza."

"Andika, Inspekta."

Kazi: fundi wa magari ya dizeli. Umri. Makazi. Uhusiano na marehemu. Mzee alisema, baba. Aliandika. Chini yake fomu iliuliza shahidi anafahamu nini kuhusu gari linalohusika, na kalamu ya Inspekta ikasimama. Mzee alisubiri kidogo, kisha akamsomea polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto imla: kwamba tairi la nyuma kushoto alilifunga yeye, mchana, kwa waya wa shaba, na ncha ya waya aliificha kwa ndani. Akaeleza na sababu ya kuificha. Inspekta aliiandika pia, ingawa haikuulizwa.

"Alinifundisha vizuri," mzee alisema akisaini. "Haijalegea hata kidogo."

Gari la kuvuta lingechukua saa nzima kufika. Dereva na mkewe walikaa mlangoni wameshikana mikono. Mzee hakukaa. Alilizunguka lori mara moja, akaenda kwenye ukingo wa bustani, akaokota jiwe, akaliweka mbele ya tairi ambalo lilikuwa na jiwe tayari. Akarudi akachukua jingine. Uwanja ulikuwa tambarare, betri haina waya, ufunguo uko mfukoni mwa askari. Lori lile lisingekwenda popote. Akaweka la sita. Akaweka la saba, akaligongagonga kwa kisigino lishike.

Kielelezo hakiguswi. Inspekta aliwafundisha askari wapya kanuni hiyo kila mwaka, na sasa mzee alikuwa shahidi, labda na zaidi ya shahidi, na hakutakiwa hata kulikaribia lori. Alipaswa kumkataza. Alifunga daftari, akasimama kwa ajili hiyo hasa.

Ukingo wa bustani ulikuwa umebaki na jiwe moja kubwa lililokuwa limemshinda mzee. Inspekta alilikumbatia kwa mikono miwili, akavuka nalo uwanja, mchanga ukimchafua shati. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya tairi la nyuma kushoto, anatafuta pengo lililobaki. Hapakuwa tena na muuzaji wa kudanganya pale uwanjani. Inspekta alipiga magoti karibu naye.

"Baba," akamwambia. "Na hili."